Michoro na alama za siasa nchini Tanzania

Michoro na alama za siasa nchini Tanzania ni picha, rangi, nembo, vibonzo, mabango na mavazi yanayotumiwa na serikali, vyama na wananchi kufikisha ujumbe wa kisiasa. Baadhi hutungwa na ofisi za dola, kama vile bendera, ngao ya taifa na karatasi ya kura. Nyingine hutoka kwa vyama: kanga, fulana, kofia, mabango ya wagombea. Nyingine tena ni kazi ya watu binafsi, hasa wachora vibonzo wa magazeti, mafundi wa kuandika mabango kwa mkono na, tangu kuenea kwa simu za kisasa, vijana wanaotengeneza picha kwa programu za simu.

Makala hii inaeleza historia ya alama hizo kwa nchi nzima, ikitumia pia mifano ya miji ya Njombe na Makambako katika Nyanda za Juu Kusini.

Bendera na ngao

Alama za kwanza za taifa zilitokana na alama za chama. Chama cha TANU kilikuwa na bendera yenye mistari ya kijani na nyeusi. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 bendera yake ilitumia rangi hizohizo, zikatenganishwa na mistari myembamba ya njano. Visiwani, bendera iliyopandishwa baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ilifuata rangi za chama cha Afro-Shirazi: buluu, nyeusi na kijani. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 bendera hizo mbili ziliunganishwa: kijani, nyeusi na njano za Tanganyika pamoja na buluu ya Zanzibar. Mistari ilichorwa kwa mshazari, kutoka pembe ya chini upande wa mlingoti hadi pembe ya juu upande wa pili. Kwa ulalo huo hakuna upande wa Muungano unaokaa juu ya mwingine kama ambavyo ingekuwa kwa mistari ya kulala.

Ngao ya taifa ina mambo mengi zaidi. Juu kuna mwenge katika sehemu ya rangi ya dhahabu, chini yake bendera, kisha shoka na jembe vilivyopishana pamoja na mkuki, na chini kabisa mawimbi ya maji. Ngao inasimama juu ya mlima Kilimanjaro, na pembeni mwanamume na mwanamke wameshika pembe za ndovu. Miguuni mwa mwanamume kuna mkarafuu, miguuni mwa mwanamke kuna mpamba. Utepe una maneno "Uhuru na Umoja".

Suala la nani hasa aliyechora ngao hiyo liliibuka upya mwaka 2017. Mzee Francis Maige Kanyasu, aliyejulikana kwa jina la Ngosha, alionekana akiishi katika hali ya ufukara jijini Dar es Salaam, naye alieleza kwamba ndiye aliyeshiriki kuichora. Habari hiyo ilisambaa, akapelekwa hospitali, akafariki tarehe 29 Mei mwaka huohuo. Jina la Jeremiah Wisdom Kabati pia limetajwa na watu wanaosema kwamba yeye ndiye mchoraji. Mabishano yenyewe yanaonyesha jambo moja kuhusu kazi hii: picha inayogongwa kila siku kwenye mihuri, hati za kusafiria na fedha haina saini ya mchoraji, na kwa miaka zaidi ya hamsini hakuna aliyeona haja ya kuuliza.

Matumizi ya bendera na ngao yanasimamiwa na sheria ya mwaka 1971. Mtu au kampuni haiwezi kuweka ngao kwenye bidhaa au tangazo lake bila kibali.

Jembe na nyumba

Sura inayovutia zaidi katika historia hii ni ya karatasi za kura za wakati wa chama kimoja.

Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza, na haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya elimu, kipato au cheo. Wapiga kura walikuwa wachache na wengi wao waliweza kusoma jina la mgombea. Mwaka 1960 TANU ilipata viti vingi bila kupingwa, hivyo sehemu kubwa ya nchi haikupiga kura ya ubunge. Uchaguzi wa Septemba 1965 ulikuwa tofauti. Kila mtu mzima alikuwa na haki ya kupiga kura, na kwa wananchi wengi, hasa wa vijijini, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuchagua mbunge kati ya watu wawili. Watu wazima wengi hawakujua kusoma na kuandika.

Mwaka huohuo Tanzania ilikuwa imeingia rasmi katika mfumo wa chama kimoja, kwa kufuata mapendekezo ya tume iliyoongozwa na Rashidi Kawawa. Kwa Tanzania bara TANU ilipitisha wagombea wawili kwa kila jimbo, wote wanachama wake. Kwa hiyo alama za vyama hazikuweza kutumika kuwatofautisha. Suluhisho lilikuwa kuwapa alama mbili, zilezile nchi nzima: jembe na nyumba. Mgombea mmoja alipewa jembe, mwenzake nyumba. Wagombea waligawiwa alama, hawakujichagulia.

Michoro hiyo miwili ilikusudiwa isiwe na upande. Jembe na nyumba vinajulikana kila kabila, kila dini, milimani na pwani. Haikuwekwa simba, kwa kuwa mnyama huyo ni jina la ukoo au sifa ya mtawala mahali fulani, wala mwezi au msalaba. Kanuni nyingine za kampeni zilifuata mkondo huohuo. Wagombea walizunguka pamoja katika mikutano iliyoandaliwa na chama, walitakiwa kuzungumza Kiswahili, na walikatazwa kutumia kabila, rangi au dini kuomba kura.

Hata hivyo picha haikubali kukaa kimya. Kwa kuwa sera zilikuwa moja, wagombea na wapambe wao walizigeukia alama zenyewe. Aliyepewa jembe alikumbusha watu kwamba bila jembe hakuna chakula, wala mahindi wala ulezi, na kwamba hata nyumba hujengwa na mtu aliyeshiba. Aliyepewa nyumba alijibu kwamba mavuno yanahitaji mahali pa kuhifadhiwa, na kwamba mkulima akirudi jioni hawezi kulala juu ya jembe. Mazungumzo ya aina hiyo yalifanana na malumbano ya jadi, na wasikilizaji waliyafurahia. Jembe lilionekana na wengi kuwa na bahati zaidi, kwani viongozi wa taifa walikuwa wakihimiza kilimo kila siku, na aliyebeba picha ya jembe alionekana kama amebeba wito wa serikali nzima.

Je, picha hiyo iliamua matokeo? Haielekei kuwa ndivyo peke yake. Wananchi waliwatazama watu wenyewe, kazi zao na tabia zao, na mwaka 1965 wabunge wengi waliokuwa madarakani waliangushwa, akiwemo Waziri wa Fedha Paul Bomani. Lakini katika jimbo ambalo wagombea wote wawili hawajulikani vizuri, mchoro uliokaa karibu na maisha ya mpiga kura ulikuwa na uzito wake, na lawama za walioshindwa mara nyingi zilielekezwa kwenye alama.

Katika Nyanda za Juu Kusini jembe lilikuwa na historia ya ziada. Wapangwa na Wakinga walikuwa wafua chuma, na milima ya Ludewa, ambako Liganga iko, ina chuma kingi. Katika jamii kadhaa za eneo hilo majembe ya chuma yalitolewa kama mahari kabla ya fedha kuenea. Kwa mzee wa Kibena au Kipangwa wa mwaka 1965, jembe lilikuwa chombo cha kulimia na wakati huohuo mali, undugu na ndoa. Hakuna alama isiyo na upande kabisa. Kila mahali huisoma kwa macho yake.

Jembe na nyumba ziliendelea kutumika katika chaguzi za chama kimoja hadi 1990. Kura ya urais ilikuwa na mgombea mmoja tu, na mpiga kura alichagua kati ya ndiyo na hapana.

Mifano ya nchi nyingine

Tanzania haikuwa ya kwanza kutumia picha kwa wapiga kura wasiosoma. India ilifanya hivyo katika uchaguzi wake mkuu wa kwanza wa 1951 na 1952, na chama cha Congress kilitumia picha ya jozi ya ng'ombe wa kulimia. Zanzibar kabla ya Mapinduzi, jogoo alikuwa alama ya chama cha Zanzibar Nationalist Party.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika Afrika Mashariki ni wa Kenya. Katika kura ya maoni ya katiba ya tarehe 21 Novemba 2005, waliokubali waliwekewa picha ya ndizi na waliokataa picha ya chungwa. Chungwa lilishinda, na waliolipigia kampeni wakaunda chama kilichoitwa Orange Democratic Movement, yaani chama kilichozaliwa na kubatizwa kwa mchoro wa tume ya uchaguzi. Katika kura ya maoni ya 2010 Kenya iliacha matunda ikatumia rangi: kijani kwa ndiyo, nyekundu kwa hapana. Nchini Uganda chama cha NRM hutumia basi na rangi ya njano, chama cha NUP hutumia mwavuli. Kofia nyekundu zilizokuwa vazi la wafuasi wa Bobi Wine ziliingizwa mwaka 2019 katika orodha ya mavazi ya kijeshi ambayo raia haruhusiwi kuvaa.

Rangi za vyama

Tarehe 5 Februari 1977 TANU na Afro-Shirazi ziliungana kuwa Chama Cha Mapinduzi (CCM). Bendera yake ni ya kijani, na nembo yake ya njano ni jembe na nyundo, mkulima na mfanyakazi. Ni dhahiri kwamba nembo hiyo ni ndugu wa mundu na nyundo ya Umoja wa Kisovyeti. Hapa mundu umeondolewa, kwa sababu mkulima wa Tanzania hutambuliwa kwa jembe. Kwa hiyo kuanzia 1977 hadi 1990 karatasi ya kura ya chama kimoja ilikuwa na jembe lisilo na upande, wakati bendera ya chama hicho kimoja ilikuwa na jembe lenye upande.

Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992 kufuatia kazi ya Tume ya Nyalali. Tangu uchaguzi wa 1995 karatasi ya kura ina picha ya mgombea, jina lake, jina la chama na nembo ya chama, pamoja na kisanduku cha kuweka alama ya vema. Wasioona huandaliwa kifaa chenye maandishi ya nukta nundu ili wapige kura bila kusaidiwa. Kila chama kikawa na kazi ya kujipatia sura inayotambulika kwa mbali, na rangi ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Kijani na njano zilikwisha kuwa za CCM. CHADEMA ilichukua buluu, nyeupe, nyekundu na nyeusi, na vidole viwili vilivyonyooshwa. ACT-Wazalendo, iliyosajiliwa 2014, ilichagua zambarau, rangi ambayo haikuwa na mwenyewe.

Mavazi nayo yaliingia katika lugha. Mwaka 2011 CCM ilianza kampeni ya ndani ya "kujivua gamba", kwa mfano wa nyoka anayeacha ngozi ya zamani. Viongozi wa CHADEMA walikuwa wakivaa nguo za kaki zinazofanana na sare, ambazo watu waliziita magwanda. Ndipo ulipozaliwa msemo wa "vua gamba, vaa gwanda", ukimaanisha kuhama CCM kwenda CHADEMA. Hadi leo katika mazungumzo ya mitaani mtu anaweza kusema "yule ni gwanda" bila kutaja chama.

Ni vigumu kwa Mtanzania kuvaa shati la kijani na kofia ya njano bila kuulizwa kama anatoka mkutanoni.

Kanga, fulana na swali la takrima

Kanga ni chombo cha zamani cha ujumbe katika pwani ya Afrika Mashariki. Ina pindo, mji na jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini. Vyama vilikuta chombo kilichokamilika: picha katikati, kauli chini, na mvaaji anayekwenda nayo sokoni, kisimani na msibani kwa miaka. Kiwanda cha Urafiki jijini Dar es Salaam, kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China, kilikuwa miongoni mwa viwanda vilivyochapa vitambaa nchini. Kanga na vitenge vimechapwa kwa ajili ya maadhimisho ya uhuru, ziara za viongozi, kumbukumbu za Azimio la Arusha na chaguzi.

Thamani ya kanga ndiyo iliyoleta utata. Bango halina matumizi mengine, lakini kanga ni nguo, na fulana ni nguo. Mgombea anapozigawa, je, anatangaza au ananunua? Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu "takrima", yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mashirika ya haki za binadamu yalifungua kesi, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ilifuta vifungu hivyo kwa kuwa vinakwenda kinyume na katiba na vinampa nafasi mgombea mwenye fedha. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ilifuata mwaka 2010. Nguo za kampeni hata hivyo hazikupotea. Katika vijiji vingi nchini fulana ya uchaguzi uliopita ndiyo nguo ya shamba ya mwaka huu, ikiwa na sura ya mgombea iliyopauka kwa jua, na mvaaji anaweza kuwa alimpigia kura mwingine.

Njombe na Makambako

Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Iringa. Katika sensa ya 2022 ulikuwa na wakazi 889,946. Una majimbo ya Njombe Mjini, Makambako, Lupembe, Wanging'ombe, Makete na Ludewa. Kwa muda wote wa vyama vingi umekuwa ngome ya CCM. Anne Makinda, mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge (2010–2015), alikuwa mbunge kutoka Njombe.

Makambako iko penye njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, Tunduma na Zambia inapita hapo, na barabara ya Njombe hadi Songea inaanzia hapo. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 na iliyojengwa na China pamoja na Tanzania na Zambia katika miaka ya 1970, ina stesheni mjini humo. Kwa mtu anayetaka picha yake ionekane, mahali pa namna hii ni bora kuliko makao makuu ya mkoa. Abiria wa mabasi, madereva wa malori ya Zambia na Kongo, wanunuzi wa viazi na mbao, wote husimama. Ndiyo maana wakati wa kampeni mabango makubwa huwekwa kwenye njia panda hiyo, na misafara ya wagombea urais inayotoka Iringa kwenda Mbeya au kushuka Ruvuma hupita na kuhutubia.

Katika chaguzi za 2010 na 2015 hali hiyo ilikuwa na maana zaidi. Iringa Mjini na Mbeya Mjini zote zilichukuliwa na CHADEMA katika chaguzi zote mbili, kwa Peter Msigwa na Joseph Mbilinyi, mwanamuziki anayejulikana kama Sugu. Msafiri aliyepita barabara kuu alitoka katika mji wa magwanda, akapita Makambako ya kijani, akaingia tena katika mji wa magwanda.

Katika mitaa na vijiji alama ya kudumu si bango bali shina la wakereketwa: kibanda au kijiwe kilichopakwa kijani na njano, chenye bendera ya chama juu ya mlingoti. Katika eneo hili mlingoti huwa ni mrunda wa mkaratusi au mwanzi, kwani miti ya mbao na mianzi ya ulanzi ndiyo iliyo karibu. Vyama vya upinzani navyo hupandisha bendera zao kwenye vijiwe vya bodaboda na masoko. Bendera iliyochanika na kutobadilishwa husomwa na wapita njia kama taarifa ya hali ya chama mahali hapo.

Hali ya hewa nayo ni sehemu ya kazi. Njombe ni kati ya miji yenye baridi zaidi Tanzania, na mvua hunyesha hasa kati ya Novemba na Aprili. Kampeni za uchaguzi mkuu hufanyika Agosti hadi Oktoba, wakati wa kiangazi, kwa hiyo bango la karatasi lililobandikwa kwa gundi ya unga wa ngano hudumu hadi siku ya kura na kuondolewa na mvua baadaye. Lile la turubai la plastiki halitoki. Hubaki hadi linachukuliwa kufunikia kuni, kuezekea banda la kuku au kuanikia mahindi, sura ya mgombea ikitazama chini.

Mafundi wa kuandika kwa mkono walikuwa wasanii wa siasa katika miji hii kabla ya mashine. Fundi yuleyule alichora bango la kinyozi, ramani ya Tanzania kwenye ukuta wa shule, samaki kwenye mgahawa na jembe na nyundo kwenye ofisi ya chama ya kata. Mashine za kuchapa mabango na maduka ya steshenari yenye kompyuta yamepunguza kazi zao. Mabango ya wagombea urais hutengenezwa Dar es Salaam kwa sura moja kwa nchi nzima. Mgombea udiwani ndiye anayekwenda steshenari na picha kwenye simu. Matokeo yake yanafanana kila mahali: picha ya mgombea iliyokatwa na kubandikwa kando ya picha ya mgombea urais, rangi za chama nyuma, jina la kata, na maneno ya kuomba kura. Kufananishwa na mkubwa ndiko kunakotafutwa, si ubunifu.

Tarehe 2 Aprili 2022 Njombe ilikuwa mahali pa uzinduzi wa mbio za Mwenge wa Uhuru kwa mwaka huo. Mwenge, uliopandishwa Kilimanjaro usiku wa uhuru na Alexander Nyirenda, ni alama pekee ya taifa inayotembea: hukimbizwa kupita kila wilaya, na kila mwaka hupewa ujumbe wake. Ujumbe wa 2022 ulihusu sensa ya Agosti. Kwa siku kama hizo kuta hupakwa chokaa, mawe ya kando ya barabara hupakwa rangi, na mafundi wa mabango hupata kazi ambayo hawaipati mwaka mzima.

Vibonzo

Vibonzo vya siasa vilianza kupata wasomaji wengi kupitia magazeti ya Kiswahili. Christian Gregory alichora Chakubanga katika gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960, mhusika aliyechekesha kwa matatizo ya kila siku. Philip Ndunguru, aliyefariki 1986, aliwapa umaarufu wahusika wa jarida la Sani. Wachoraji hao walifanya kazi chini ya chama kimoja, na dhihaka yao iligusa mtendaji, mlevi, mhudumu wa duka la ushirika, haikumgusa Rais.

Baada ya 1992 magazeti binafsi yaliongezeka na mstari huo ukasogea. Ali Masoud, anayejulikana kama Masoud Kipanya, aliingiza panya mdogo anayetoa maoni kuhusu mambo ya wakubwa. Nathan Mpangala ana mhusika Kijasti. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, aliyezaliwa Dar es Salaam 1969, alihamia Nairobi mwaka 1992 na kuwa mchora vibonzo wa siasa anayejulikana kuliko wote katika Afrika Mashariki. Januari 2015 serikali ya Tanzania ilizuia gazeti la The EastAfrican kusambazwa nchini kwa maelezo kwamba halikusajiliwa. Muda mfupi kabla ya hapo gazeti hilo lilikuwa limechapisha kibonzo cha Gado kilichomkejeli Rais Jakaya Kikwete, na wengi walikitaja kuwa ndicho sababu. Mkataba wa Gado na kampuni ya Nation haukuendelea baadaye.

Kibonzo kinapokwenda mtandaoni hakina mhariri wa kukizuia wala wa kukitetea. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na kanuni za maudhui ya mtandaoni zinamhusu mtu mmojammoja. Septemba 2021 mchora vibonzo mmoja alikamatwa jijini Dar es Salaam baada ya kuweka Instagram kibonzo kilichomhusu Rais Samia Suluhu Hassan.

Picha ya Rais

Picha rasmi ya Rais hutundikwa katika ofisi za umma, shule, benki na maduka mengi, mara nyingi pamoja na ya Julius Nyerere. Ni mchoro wa siasa unaoonekana na watu wengi kuliko wowote, na kubadilishwa kwake ndiyo ishara ya kwanza ya kubadilika kwa uongozi. Rais John Magufuli alifariki Machi 2021, na katika wiki zilizofuata fremu zilezile ziliwekewa picha ya Rais Samia.

Kesi iliyoibua mjadala mkubwa kuhusu picha hiyo ilitokea Rungwe, mkoa wa Mbeya, wilaya inayopakana na Makete ya mkoa wa Njombe. Mwaka 2024 mchoraji kijana alijirekodi akichoma picha ya Rais na kumtolea maneno makali, na video ikasambaa katika TikTok. Julai mwaka huo mahakama ya wilaya ilimtia hatiani kwa kosa la mtandao na kumhukumu kifungo cha miaka miwili au faini ya shilingi milioni 5. Wananchi walichangishana mtandaoni, faini ikalipwa, akaachiwa.

Wanasheria walitofautiana. Upande mmoja ulisema hakuna sheria ya Tanzania inayofanya kuchoma picha kuwa kosa, na kwamba bendera na ngao zina sheria yake lakini picha ya mtu haina. Upande mwingine ulisisitiza kwamba kilichohukumiwa ni maneno yaliyosambazwa, si moto. Mwezi uliofuata familia ya kijana huyo iliripoti kwamba amechukuliwa na watu wasiojulikana, na kesi ikawa sehemu ya mjadala mpana kuhusu watu waliotoweka nchini.

Katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 CHADEMA haikuwa kwenye karatasi ya kura, baada ya kutosaini maadili ya uchaguzi mwezi Aprili kwa msimamo wake wa kudai mabadiliko kwanza. Mabango ya kampeni mijini na barabarani yalikuwa kwa sehemu kubwa ya rangi moja, na katika maandamano ya siku ya kupiga kura mabango hayo yalikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuchanwa.

Tazama pia

Bendera ya Tanzania
Ngao ya Tanzania
Kanga (vazi)
Mwenge wa Uhuru
Mkoa wa Njombe
Makambako